UZI: Kurasa mbili zilizogandana kwa ubuyu. Mie, mwanangu na kiti cha mwelekezi

Bi Sukani (Malindi), mleta uzi

Wanajamvi, asalaam aleikum, na wakubwa shikamooni.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo mtoto kalala mapema, umeme haujakatika, mavyaa kaenda Mambrui kwa dadake. Naumaliza.

Mie ni mwelekezi wa mbio za magari. Kwa wasiojua: ndani ya gari la mbio zetu huwa mna watu wawili. Mmoja ameshika sukani, wa pili yuko kushoto kwake na daftari mapajani, anamsomea barabara kabla hawajaifikia. Dereva wangu ni kakangu, tumbo moja. Gari ni Subaru Impreza kuukuu, limeungwaungwa hata silijui tena rangi yake ya kwanza. Hatumo kwenye Safari Rally, kwa hivyo msinipigie kuomba tiketi. Sisi ni watu wa mbio ndogo za klabu, nyingi ziko bara, na zikija Pwani twashukuru Mola. Kuandika noti tunajifunzia njia za vumbi nyuma ya Langobaya, mwendo wa bibi harusi, maana kule mbuzi ni wengi na watoto wa shule ni wengi zaidi.

Sasa kisa. Mwaka jana, Mfungo Mosi, Idi imepita wiki moja, tulikwenda kwenye mbio za klabu moja. Mkondo wa kwanza tulitoka salama. Mkondo wa pili (sisi twauita steji, lakini si ile ya matatu) ulikuwa kilomita kumi na nne. Noti zangu naandika kwa penseli, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mistari sita. Mstari wenyewe uko hivi: "Kulia nne, themanini, mgongo, kushoto tatu inakaza, usikate, jiwe ndani." Namba ni ukali wa kona. Katika mfumo wetu moja ndiyo kona ya kugeuka kama unarudi ulikotoka, na sita unapita mguu chini bila kugusa breki. Themanini ni mita mpaka kona inayofuata. Mgongo ni pale barabara inapopanda halafu huoni ng'ambo. Inakaza ni kona inayozidi kubana mbele, inafunguka ni kinyume chake, na usikate ni usipande ndani ya kona.

Mwisho wa ukurasa wa 11 nikasoma "kushoto tano, mia na hamsini". Nikafunua. Nikasoma "kulia sita, inafunguka". Kakangu akasikia sita, akakanyaga.

Haikuwa sita. Ilikuwa kulia mbili, hadhari, mtaro nje. Nilikuwa nimefunua kurasa mbili kwa pamoja.

Kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa gari linakula mita 33 kila sekunde moja. Ile kona niliiona kwa macho wakati mdomo wangu ungali unasema "inafunguka". Nikapiga kelele "La!", neno ambalo halimo katika mfumo wowote wa noti duniani. Tukaruka mtaro, tukaingia kwenye mahindi ya watu, tukasimama juu ya kichuguu. Rejeta ikapasuka ikaanza kulia kama birika. Nikafungua mikanda, nikachukua kile kibao cha OK na pembetatu, nikakimbia nyuma kuwaonyesha wanaokuja kwamba hakuna aliyeumia. Hiyo nayo ni kazi ya mwelekezi.

Tulipofika kwa mafundi maneno yalikuwa yashatangulia. Mzee mmoja wa kushika saa, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniambia kwa upole kabisa: "Binti, ulikuwa unamfikiria mtoto." Mwengine akauliza: "Kwani mtoto umemuachia nani?"

Mwaka uliotangulia kakangu alilitia gari lile lile kwenye mkondo wa mto mkavu. Kosa lake, noti zilikuwa sawa. Kitinda mimba wake siku hiyo alikuwa hajatimiza arubaini. Wallahi hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto kamuachia nani. Walimpiga mgongoni, wakasema njia mbaya.

Hilo ndilo nililotaka kulileta hapa. "Rudi jikoni" nimeisikia mpaka haina ladha tena. Kinachonikereketa ni hilo swali la upole. Mwanamume akikosea amekosea kona. Mwanamke akikosea amekosea kuwa mama.

Halafu kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata kakangu (akisoma hapa basi na anisamehe). Usiku ule nikiwa chumbani nilizitenga zile kurasa kwa kisu cha matunda. Katikati zilikuwa nyekundu. Nikanusa. Ubuyu. Mwanangu wa miaka miwili alikuwa amelichezea daftari juzi yake, vidole vimejaa ubuyu, na ile sukari na rangi ikagandisha kurasa mbili kama gundi. Kwa hivyo yule mzee wa saa alikuwa na ukweli ndani yake, ila si ule alioudhania. Sikuwa namfikiria mtoto. Mtoto alikuwa ameshafika kabla yangu.

Naja na mengine. Kwanza nisikie yenu.

---

FundiMaweni

Bi Sukani, pole na hongera. Ila nitasema wazi. Mimi ni fundi, magari ya mbio nimeyafunga na kuyafungua. Hii si kazi ya mwanamke aliyezaa. Sukani ya gari la mbio ni nzito, joto ndani ni la tanuri, mgongo unapigwa siku nzima. Na ukipata ajali, huyo mtoto atalelewa na daftari? Mwanamume kaumbwa kwa hatari.

---

Kibe wa Gede

Kurasa ngapi? Zilizogandana kwa ubuyu! Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Lakini fundi, mtoto wa kakake naye angelelewa na nani? Na spana?

---

Bi Sukani

Fundi, ahsante kwa kusema wazi, afadhali wewe kuliko wale wa upole.

Nianze na uzito wa sukani. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alikuja hapa hapa Kenya na Audi Quattro, mwelekezi wake mwanamke mwenziwe, Muitaliano Fabrizia Pons. Safari ya wakati ule haikuwa hii ya Naivasha yenye barabara zilizofungwa. Ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi, na ng'ombe na malori yakiwa humo humo. Walimaliza wa tatu. Miaka miwili kabla ya hapo, 1981, Mouton alishinda mbio za Sanremo kule Italia, mwanamke wa kwanza kushinda duru ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1982 akashinda tatu, Ureno, Ugiriki na Brazil, na ubingwa ukamponyoka mwishoni, akawa wa pili nyuma ya Walter Röhrl. Na mwishoni huko ndiko pa kusimama: babake alifariki asubuhi ile ile mbio za Ivory Coast zilipokuwa zinaanza. Akaendesha. Akaongoza. Akaanguka. Sasa niambie, Fundi, hapo alikosea kona au alikosea kuwa binti?

Na ukitaka aliyezaa kabisa, yuko Mmarekani Shirley Muldowney. Yeye ni wa yale magari marefu membamba yanayokwenda mstari mmoja ulionyooka, robo maili, kisha yanafungua parachuti yasimame. Bingwa 1977, 1980, 1982 katika daraja la juu kabisa. Mwanawe John alikuwa mmoja wa mafundi wake. Hebu fikiri: mtoto ndiye anayemkazia mamake nati. Mwaka 1984 alipata ajali ikamvunja miguu vibaya, na baadaye akarudi kukimbia.

Mbio za Dakar za 2001 alizishinda Jutta Kleinschmidt, Mjerumani, na Pajero. Jangwa, wiki nzima nzima, si kwa huruma ya mtu.

Joto nalikubali. Joto ni kweli. Lakini Fundi, mwenye joto zaidi ya gari la mbio ni mwanamke anayekaanga mahamri Ramadhani saa tisa alasiri na yuko na saumu. Hapo hamjawahi kuona hatari.

---

Mzee wa Barani

Vijana, mmesahau wa nyumbani. Mwaka 1974 nilikuwa kijana, nafanya kazi dukani, redio ya duka inasema Sauti ya Kenya. Tukasikia kuna mwanamke Mwafrika ameingia Safari, Orie Rogo Manduli. Wa kwanza huyo. Dukani palikuwa na ubishi mkubwa kuliko wa mpira. Tajiri wangu akasema hatafika hata kona ya kwanza. Mama mmoja aliyekuja kununua mchele akamjibu, "Wewe umefika kona ipi?" Akaondoka bila kuchukua chenji, karudi kesho yake kuidai.

Marehemu alifariki 2021. Wengi wanamkumbuka kwa vilemba vyake vikubwa na ukali wa ulimi wake. Mimi namkumbuka kwa redio ile.

---

FundiMaweni

Mzee shikamoo. Hao wote mliowataja walikuwa na makampuni nyuma yao. Bi Sukani yuko Malindi na Subaru ya kuungwaungwa. Hapo ndipo ninapouliza mtoto. Sikuuliza kwa ubaya.

---

Bi Sukani

Hapo sasa umesema la maana, tena kubwa kuliko la sukani. Ngoja nilieleze mtoto analelewa vipi, maana nikiacha watu watajaza wenyewe.

Siku mtihani ulipoonyesha mistari miwili ndiyo siku niliyoshuka garini. Hilo halikuwa na mjadala. Kakangu akatafuta mwelekezi mwengine, kijana mzuri, ila noti anasoma kama anauza magazeti. Nilirudi mwanangu akiwa na miezi saba, daktari ameniruhusu, na nilikuwa nanyonyesha bado.

Hapa wanaume mnaweza kuruka aya. Mikanda ya gari la mbio ina ncha sita: miwili inapita mabegani na kushuka kifuani, miwili kiunoni, miwili baina ya mapaja. Inakazwa mpaka pumzi inapungua. Juu ya mabega kuna kile kifaa cha kushika shingo, kichwa kisirushwe mbele gari likigonga, na mikanda inapita juu yake. Haya, sasa weka hayo yote juu ya kifua kilichojaa maziwa ya muda wa saa nne, kisha pita kilomita kumi na nne za mawe. Nilitoka kwenye mkondo wa kwanza machozi yananitoka, watu wakadhani ni furaha ya kurudi.

Tangu siku hiyo ratiba yangu ina mistari ambayo waandaaji hawaijui. Tukisimama kwa mafundi dakika ishirini, kumi za kwanza ni zangu: naingia kwenye pikapu, nafunga leso dirishani, na pampu ya mkono. Chupa inakwenda kwenye sanduku la barafu, lile la samaki, mume wangu kaliosha kwa ndimu siku tatu na bado linanukia changu. Dakika kumi za mwisho nasahihisha noti.

Siku ya kwanza mmoja wa mafundi, kijana wa Ngala, alifungua lile sanduku akitafuta soda. Akaiona chupa. Akalifunga sanduku taratibu, akaondoka, masikio yamemwiva. Nikasema basi, leo nitakuwa hadithi ya gereji. Hakusema neno kwa mtu. Mbio zilizofuata nikakuta sanduku lishajazwa barafu mpya kabla sijafika, na juu yake kaandika kwa kalamu ya wino mzito: USIGUSE, VIPURI.

Mtoto anabaki na mavyaa. Watu wanadhani mavyaa ndiye aliyenipinga. Alinipinga, ndiyo, mwezi mzima hakunitajia jina, alikuwa akisema "mwambie huyo". Lakini mimi noti huzisoma kwa sauti jikoni usiku, kuzoesha ulimi, maana garini huna nafasi ya kukwama. Siku moja naosha vyombo, namsikia anambembeleza mjukuu ukumbini: "Kushoto tatu inakaza, usikate, usikate, mwanangu, jiwe ndani." Kwa sauti ya lulubai kabisa. Alikuwa ameshika mkondo mzima. Kuna mahali nilikuwa nimeruka "hadhari" akanisahihisha.

Kwa hivyo jibu la swali lako, Fundi: mtoto namuachia mwelekezi wa akiba.

---

Amu Kwetu

Dada, salamu kutoka Lamu. Sisi gari tunaliona kwenye simu, vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Lakini hayo unayosema nayajua. Huku mbio ni za punda na za mashua. Maulidi ikifika mji mzima unatoka, na juu ya punda hamna mwanamke hata wa dawa. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa napanda punda wa babangu kuliko ndugu zangu wote. Nilipofika kumi na mbili nikaambiwa nishuke. Hakuna aliyesema sijui kupanda.

Sijapanda tena. Nimeandika tu.

---

Bi Sukani

Amu Kwetu, umeninyamazisha. Yule punda alikuwa na jina?

---

Amu Kwetu

Waziri.

---

Nahodha_Mstaafu

Mimi nauliza la fedha. Dadangu, kitu hiki kinakula pesa. Mtu mwenye watoto kwa nini asitie hizo hela kwenye ada?

---

Bi Sukani

Swali zuri, na ndilo linalowaondoa wanawake wengi kuliko misuli. Kiti cha dereva ni cha mwenye gari, na mwenye gari mara nyingi ni mwanamume, karithi gereji, au kapewa la kuanzia na babake. Sijawahi kuona baba wa huku akimpa binti injini. Kiti cha mwelekezi ni rahisi zaidi: leseni, kofia ngumu, suti ya kuzuia moto, viatu, penseli. Ndiyo maana wanawake wengi wa mbio hapa Kenya wanaingilia mlango huo. Nami nauza vipuri vya tuktuk hapo mjini, sijafunga duka hata siku moja isipokuwa siku za mbio, na ada ya chekechea inatoka kabla ya tairi. Tairi tunanunua za mkono wa pili, kwa wale wanaokimbia bara wakazichoka.

Wakati mwengine kakangu anaudhika nikisema hapana. Kuna duru tulikosa kwa sababu mwanangu alikuwa na homa. Si homa ya kutisha, homa tu. Ningeweza kwenda. Sikwenda, na sikujuta, na nilikaa naye barazani nikiangalia simu kila dakika kumi kuona matokeo. Mambo yote matatu yalikuwa kweli kwa pamoja. Sijui kama kakangu angeyaelewa, hajawahi kulazimika.

Na niseme hili kuhusu Safari ya sasa. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, ilinifurahisha, lakini 2022 ndiyo niliyopiga vigelegele dukani mpaka mteja akaangusha klachi. Maxine Wahome, binti wa Kenya, alishinda daraja la WRC3, mojawapo ya madaraja ya chini ya ubingwa wa dunia, pale Naivasha, na Fiesta, mwanamke wa kwanza kushinda katika daraja hilo. Mteja akauliza nani kaolewa.

---

FundiMaweni

Sawa. Nimesoma yote, na ile aya uliyosema turuke nimeisoma pia. Mke wangu naye kasoma, kanitazama, hajasema kitu, na mimi najua maana yake.

Rejeta ya Impreza ninayo moja nzuri, ilitoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Njoo uiangalie. Sikupi bure.

---

Kibe wa Gede

Fundi kashikwa kona. Kulia mbili, hadhari.

---

Bi Sukani

Nitakuja Jumamosi na kakangu. Bei mtapatana naye, yeye ndiye mwenye ulimi wa bei.

---

Binti Kakuyuni

Samahani kuingilia wakubwa. Nina miaka 19, namaliza kozi ya ufundi wa magari, darasani tuko wasichana wawili. Nataka kuwa mwelekezi. Mamangu kakubali, babangu kasema tutaona. Swali langu ni dogo na ninaona haya kuliuliza: mtandio unakaaje ndani ya kofia? Na noti nitaanzaje kujifunza bila gari?

---

Bi Sukani

Usione haya, hilo ndilo swali la kwanza nililouliza mimi, na niliyemuuliza alicheka.

Noti kwanza. Hauhitaji gari la mbio. Panda matatu ya Malindi hadi Kakuyuni, kaa mbele, chukua daftari. Kila kona ipe namba. Kesho yake panda tena, nusu njia inamisha macho daftarini, soma ulichoandika, kisha inua macho uone kama barabara imekubaliana nawe. Siku ya kwanza zitakuwa tano tano zote, kwa sababu matatu inakata kona vibaya na wewe unaogopa. Wiki ya tatu utaanza kuona tofauti ya tatu inayokaza na tatu inayofunguka. Kawaida kwenye mbio unaruhusiwa kupita mara mbili kabla ya siku yenyewe, moja kuandika, moja kusahihisha, basi. Kwa hivyo zoea mara mbili. Andika kwa penseli, herufi kubwa, na ukimaliza kila ukurasa kunja kona yake ya chini kidogo ili kidole kipate pa kushika. Hilo la kukunja nimelijua baada ya ubuyu.

Mtandio sasa. Chini ya kofia kila mtu, mwanamume na mwanamke, anavaa kile kitambaa cha kuzuia moto kinachofunika kichwa chote, shingo na kidevu, macho tu nje. Siku ya kwanza mavyaa aliponiona nimekivaa alisema, "Ah, kumbe wote wanajisitiri." Ukikivaa huhitaji kingine juu yake. Ukitaka cha ndani, kiwe cha pamba tupu, chembamba, kisicho na pini wala kishungi nyuma, kwa sababu kishungi kinaisukuma kofia mbele na kofia isiyokaa sawa haifai kitu. Nailoni na zile za kung'aa usivae kabisa, moto ukija zinayeyuka zinashika ngozi. Nywele suka mistari kurudi nyuma, bapa.

Kofia usinunue kwenye mtandao bila kuijaribu. Na usikubali ya bure kutoka kwa mtu aliyepata nayo ajali, hata ikionekana nzima, ndani ishakufa. Njoo dukani siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, nina mbili za kujaribu saizi. Njoo na mtandio utakaovaa, na uje na babako kama atapenda, kuna benchi na chai. Mtoto atakuwepo. Daftari lako tu uliweke juu.